AC ya gari inayopoza inapotaka: namna ya kuitafuta hitilafu kabla hujajaza gesi

Kuna AC iliyokufa na kuna AC yenye tabia. Iliyokufa ina unafuu wake: fundi anaikuta imekufa, anaitafutia sababu hapo hapo. Yenye tabia inakuacha kwenye foleni ya Tazara saa kumi jioni umelowa jasho mpaka mgongoni, halafu kesho yake asubuhi ukiifikisha gereji inapoza vizuri kabisa, na fundi anakutazama kama mtu anayelisingizia gari lake. Mwongozo huu ni wa hiyo ya pili.

Mateso yake nayajua. Gari langu dogo la Kijapani, la mwaka 2006, nililijaza gesi mara 3 ndani ya miezi 5. Mama yangu ana shinikizo la damu, na kila mwezi namvusha kutoka Kigamboni kwenda kliniki mjini. Barabarani AC ilikuwa inapoza. Tukifika Feri, tukasimama kwenye mstari wa magari kusubiri pantoni, upepo unageuka vuguvugu, kisha joto kabisa. Mama anashusha kioo, analowesha mtandio kwa maji ya chupa, anauweka kichwani, ananyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikonitia uchungu. Na kila nilipokwenda kulalamika jibu lilikuwa moja: "Dada, gesi imeisha hiyo."

Haikuwa gesi. Na jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: AC inayokuja na kuondoka inakueleza ugonjwa wake kwa saa na mahali inapogomea. Ukijaziwa gesi kabla hujaisikiliza, umefuta ushahidi, tena kwa fedha yako.

Gesi haiishi kama petroli

Tuanze hapa, maana hapa ndipo watu wanapoliwa. Gesi ya AC haichomwi wala haitumiki ikaisha. Inazunguka. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, inaikandamiza mpaka inapata presha na joto kali. Inaisukuma mbele ya gari kwenye kondensa, ule wavu mwembamba uliosimama mbele ya rejeta. Pale upepo unaiondolea joto na gesi inageuka kimiminika. Kimiminika kinapita kwenye draya, inayonyonya unyevu, kisha kinapenya kitundu chembamba cha valvu ya ekspansheni na kuingia evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hapo presha inashuka ghafla, kimiminika kinageuka gesi tena, na katika kugeuka huko kinafyonza joto la hewa unayoivuta. Gesi inarudi kwa kompresa, safari inaanza upya.

Ni duara lililofungwa. Katika miaka mingi hupenya kidogo sana kwenye mipira na viungo, lakini gari linalotaka gesi kila baada ya miezi miwili lina mahali linapovuja, na mahali hapo panatafutika. Au halivuji kabisa, kama langu, na tatizo liko kwingine.

Magari mengi tuliyonayo Dar yanatumia gesi ya R134a, iliyoshika nafasi ya R12 kuanzia miaka ya 1990. Magari mapya zaidi yanakuja na R1234yf. Fungua boneti utafute kibandiko kidogo: kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Langu linasema gramu 450. Kipige picha sasa hivi, utakihitaji mbele ya safari.

Hatua ya kwanza: wiki moja ya kuandika

Nunua kipimajoto cha jikoni chenye sindano, kile cha kuchomeka kwenye nyama. Kichomeke kwenye tundu la upepo la katikati ya dashibodi. Wiki nzima, kila AC inapogoma, andika kwenye simu (ukiwa umesimama, au mwombe abiria akuandikie): saa ngapi, gari lilikuwa linatembea au limesimama, imegoma baada ya dakika ngapi, kipimajoto kinasoma ngapi, na mshale wa joto la injini uko wapi. Ukizima AC kwa dakika 10 ukaiwasha tena, inarudi?

Kisha swali lenye uzito kuliko yote: upepo wenyewe umepungua nguvu, au nguvu iko vile vile ila baridi ndiyo imekatika? Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na watu wengi wanayaeleza kwa neno moja tu, "AC haipozi". Weka kiganja mbele ya tundu uhakikishe.

Ujue pia kipi ni kawaida. Kwa jua la Januari au Februari hapa kwetu, vioo vimefungwa, umebonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani na gari linatembea, nyuzi 5 hadi 10 kwenye tundu ni afya njema. Ukisimama zitapanda kidogo, kwa sababu injini ikiwa sailensi (imewaka bila kukanyagwa mafuta) kompresa nayo inazunguka polepole. Kupanda hadi 12 au 13 kusikutishe. Kupanda hadi 22, gari linaumwa. Na ukiona maji yanadondoka chini upande wa abiria, usihangaike: ni unyevu wa hewa ya pwani unaogandamana kwenye evaporeta na kutoka kwa mpira wake. Gari lisilodondosha tone wakati AC inapoza vizuri ndilo la kutiliwa shaka, maana mpira huo huziba matope na maji yakaingia kwenye zulia.

Hatua ya pili: vitu vya bure

Hewa ya nje inapoingizwa muda wote, AC inapambana na joto na unyevu wa Dar nzima. Fungua vioo dakika moja joto la gari lililoegeshwa litoke, kisha funga na uzungushe hewa ya ndani.

Kisha filta ya AC. Kwenye magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya ile droo iliyo mbele ya abiria: unaminya kuta za droo, inaanguka chini, unaona kifuniko chembamba cha plastiki. Anayeishi kwenye barabara ya vumbi, Goba, Chanika, Kibada, asishangae akitoa kitu chenye rangi ya ugoro, na majani makavu juu yake. Nimeona magari yaliyoingia nchini miaka 4 iliyopita yakiwa bado na filta ya Japani, maandishi ya Kijapani yakisomeka chini ya tope. Ibadilishe. Usiipige upepo wa kompresa ya gereji kisha ukairudisha, itapasuka ndani usione.

Inapoza ikitembea, inagoma foleni

Hii ndiyo tabia inayowasumbua wengi mjini kwetu, na ndiyo iliyokuwa ya gari langu, kwa hiyo nitakaa nayo.

Gari likitembea, upepo wa barabara unapita wenyewe kwenye kondensa. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni ya mbele. Feni ikiwa dhaifu, joto halitoki, presha inapanda, upepo unageuka vuguvugu. Presha ikizidi kiwango, swichi ya presha inamkata kompresa ili mabomba yasipasuke. Ukianza kutembea tena, baridi inarudi, unadhani AC imepona.

Aliyenionyesha ni fundi mzee mmoja wa Temeke. Nilifika kwake saa saba mchana, siku ya jua kweli kweli, nikamwamkia na kumweleza habari ya Feri. Hakugusa mtungi wa gesi. Alifungua boneti, akaniambia niwashe AC mpaka mwisho, kisha akachana karatasi ya daftari na kuiweka mbele ya grili. "Feni nzima inainasa hii karatasi," aliniambia. Karatasi ilianguka chini.

Akachukua jagi la maji ya bomba, akayamwaga taratibu kwenye kondensa kupitia grili. "Mwanangu, weka mkono kwenye AC." Niliweka. Nilihesabu kimoyomoyo, na kabla sijafika ishirini upepo wa joto ulikuwa umeshageuka baridi, baridi ile ya kusisimua nywele za mkono. Miezi 5 nililipia gesi, na jibu lilikuwa kwenye jagi la maji.

"Hii siyo gesi. Huyu ni feni."

Akagonga mota ya feni kwa mpini wa bisibisi. Ikashtuka, ikazunguka, ikasimama tena. Kaboni za ndani, zile zinazopeleka umeme kwenye mota, zilikuwa zimekwisha. Asubuhi mota ikiwa ya baridi ilikuwa inashika, ndiyo maana kila gereji niliyopeleka mapema hawakuuona ugonjwa wenyewe. Ikishapata moto, inaachia.

Jaribio la karatasi na la maji unaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani. Tahadhari moja, naisisitiza: feni huanza kuzunguka ghafla bila taarifa, na mkanda wa injini haumwonei mtu huruma. Funga mtandio, vua tai, kunja mikono ya kanzu, watoto wakae mbali. Maji yaelekeze mbele kwenye wavu tu, usimwagie injini.

Karatasi ikianguka, fuata njia hii. Anza na fyuzi ya feni. Kisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayoiwasha feni: mara nyingi kwenye kisanduku hicho hicho kuna rilei nyingine inayofanana nayo kwa namba, labda ya honi. Zibadilishane. Feni ikifufuka na honi ikanyamaza, umempata mwenye kosa. Kama rilei ni nzima, mwombe fundi umeme apime kama umeme unafika kwenye soketi ya feni wakati AC imewaka. Unafika na feni haizunguki: mota. Haufiki: waya au sensa.

Karatasi ikipeperushwa mbele badala ya kunasa, mota ilibadilishwa na waya zikageuzwa. Feni inapuliza kinyume, inapigana na upepo wa barabara. Nimeliona hili kwa macho yangu kwenye gari la shemeji, lililokuwa limetoka kutengenezwa wiki hiyo.

Karatasi ikinasa vizuri na bado maji yanaleta baridi, kondensa yenyewe imeziba. Chungulia katikati yake na rejeta kwa tochi ya simu: vumbi, wadudu, mifuko ya plastiki. Ioshe kwa mpira wa maji wa kawaida, ukitokea upande wa injini kwenda mbele kama nafasi inaruhusu. Usikubali ioshwe kwa mashine ya kuoshea magari kwa karibu. Ile nguvu inalaza mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba vya wavu, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa tena. Sisi tunaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Kunduchi, tuna adui wa ziada. Chumvi inayala mapezi mpaka yanabaki unga mweupe: unayagusa kwa kidole, yanamomonyoka. Kondensa ya hivyo haifai kuoshwa, ibadilishwe. Na gari lililowahi kugongwa mbele, angalia kama zile plastiki za pembeni ya rejeta na chini ya bampa zilirudishwa. Bila hizo, feni inavuta tena hewa ya moto iliyotoka kwenye injini.

Kama mshale wa joto la injini nao unapanda foleni, simama hapo. Hilo si suala la AC tena. Magari mengi hukata kompresa yenyewe injini inapokaribia kuchemsha. Tibu mfumo wa kupoza injini kwanza, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto.

Upepo unapungua baada ya nusu saa

Hii ya safari ndefu: unatoka Mbezi unaelekea Chalinze, baridi kali, halafu pole pole upepo unakuwa mwembamba ingawa feni ya ndani unaisikia inalia. Ukizima AC ukaacha feni peke yake kwa dakika 10 au 15, upepo unarudi, na chini ya gari yanamwagika maji mengi kuliko kawaida.

Evaporeta imeganda barafu. Hewa haina pa kupita. Sababu ya kwanza kuangalia ni filta ile ile ya kwenye droo, maana hewa kidogo ikipita, evaporeta inapoa kupita kiasi. Ya pili ni kijisensa kidogo kilichochomekwa kwenye evaporeta, kazi yake ni kumkata kompresa kabla maji hayajaganda. Kikichoka au kikichomoka mahali pake wakati wa ufundi wa redio au dashibodi, kompresa haikatwi. Ya tatu ni gesi kupungua kidogo, kwa sababu presha ya evaporeta ikishuka mno, sehemu yake moja inateremka chini ya nyuzi 0. Fundi wako aifuate kwa mpangilio huo huo, wa bei nafuu kwanza.

Upepo upo, baridi inakatika

Washa AC injini ikiwa sailensi, boneti wazi, simama pembeni na utazame uso wa kompresa. Pulei inazunguka muda wote na mkanda. Mbele yake kuna sahani, ndiyo klachi. AC ikiwaka utasikia "tak!" na sahani inanasa, inazunguka pamoja na pulei. Tazama dakika 3 au 4. (Kompresa za baadhi ya magari mapya hazina klachi ya kunasa na kuachia, kwa hizo fundi atahitaji mashine ya kusomea kompyuta ya gari.)

Ikinasa na kuachia kila sekunde chache, tak, tak, tak, gesi pengine ni ndogo na swichi ya presha ya chini inaikata. Ruka hadi sehemu ya geji, vile vipimo vya presha.

Isiponasa kabisa wakati wa kugoma, taa ya kupimia umeme ndiyo itakayoamua. Kama umeme haufiki kwenye waya wa klachi, angalia fyuzi, rilei, swichi ya presha. Kama unafika na sahani imesimama tu, kosa ni la klachi yenyewe, na hapa kuna jambo ambalo lingewaokoa wengi gharama ya kompresa nzima.

Jirani yangu gari lake lilikuwa linapoza asubuhi akitoka nyumbani. Saa nane mchana, baada ya mizunguko ya mjini, linakata. Jioni likipumzika saa moja, linarudi. Alishaambiwa kompresa imekufa na akapewa bei. Sababu ilikuwa nafasi iliyoko kati ya sahani na pulei. Miaka inavyokwenda, nyuso hizo zinasagika na nafasi inapanuka. Koili ya sumaku ikipata moto, nguvu yake inapungua, haiwezi tena kuivuta sahani kutoka mbali. Ikipoa, inaweza. Fundi aliipima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kompresa nyingi zinataka kati ya mm 0.3 na 0.6, yake ilikuwa karibu mm 1. Alifungua nati ya mbele, akatoa washa moja nyembamba kama karatasi iliyokuwa nyuma ya sahani, akafunga. Gesi haikuguswa. Kwa hiyo mtu akikwambia ununue kompresa na ugonjwa wako ni wa "baridi asubuhi, joto mchana", muombe kwanza apime nafasi hiyo mbele yako.

Klachi ikiwa imenasa, upepo una nguvu, na bado baridi inakatika kisha inarudi baada ya kupumzika, shuku unyevu ndani ya mfumo. Maji yanaganda kwenye kitundu cha valvu ya ekspansheni, gesi inazuiwa. Barafu ikiyeyuka, njia inafunguka. Unyevu huo mara nyingi umeingizwa na fundi aliyefungua bomba kisha akajaza gesi bila kupiga vakyumu, yaani kuvuta hewa na unyevu wote kwa pampu.

Upande mmoja wa dashibodi baridi na mwingine joto? Inaweza kuwa gesi kidogo, au kile kimlango cha ndani kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi kimekwama. Kimlango hicho ukikisikia kinalia "tk-tk-tk" nyuma ya dashibodi, mota yake ndogo imevunjika meno.

Sasa ndipo geji zinapokuja

Ukiwa umefika hapa na daftari lako, mwendee fundi mwenye geji mbili, mizani na pampu ya vakyumu. Akiwa na mtungi na mpira mmoja tu, mshukuru, uondoke.

Injini imezimwa, gari limepoa: sindano zote mbili zinasoma sawa, na kwa joto la nyuzi 30 R134a husoma karibu psi (kipimo cha presha) 95 hadi 100. Namba hiyo inakwambia tu kwamba kuna gesi ndani. Haikwambii ni kiasi gani, kwa hiyo asikuhukumu kwayo. Injini ikiwaka kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika, AC mwisho, upande wa chini tarajia psi 25 hadi 45, na wa juu 150 hadi 250, ukielekea juu kadiri jua linavyowaka.

Zote mbili zikiwa chini, gesi ni ndogo. Zote zikiwa juu, ama gesi imezidi ama kondensa haipati upepo, na hapo rudia jagi la maji. Ya chini ikiwa juu na ya juu ikiwa chini, yaani zinakaribiana, kompresa haisukumi tena. Ya chini ikianguka mpaka kwenye sifuri au chini yake, kuna mziba, wa barafu au wa uchafu.

Kama gesi ni ndogo kweli, kazi ni kutafuta inapovuja, siyo kuongeza. Gesi hutoka na mafuta ya kompresa, kwa hiyo angalia alama ya mafuta yaliyoshika vumbi kwenye viungo vya mabomba, mbele ya kompresa, pembe za kondensa, na kwenye zile valvu mbili za kujazia. Kifuniko cha valvu kilichopotea ni kitu kidogo, lakini ndicho kinachoizuia gesi ya mwisho. Povu la sabuni linaonyesha uvujaji mkubwa. Mdogo unataka rangi inayong'aa kwenye mwanga maalumu, au kifaa cha kunusa, na kwa evaporeta kifaa hicho kinanusishwa kwenye ule mpira wa maji. Njia nzuri nyingine ni kujaza naitrojeni na kusubiri sindano kama itashuka. Naitrojeni tu. Kamwe oksijeni ya mtungi wa kuchomelea: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inalipuka, na mafundi wanauawa hivyo.

Baada ya kuziba, draya na oringi (mipira ya duara ya viungo) mpya, vakyumu isiyopungua dakika 30. Kwa unyevu wetu mimi naomba 45. Pampu ikizimwa, sindano ikae palepale kwa dakika 15 au 20. Kisha gesi inaingizwa kwa mizani mpaka gramu za kwenye kibandiko, siyo "mpaka bomba lianze kupoa". Mfumo wangu ulipotolewa gesi kwa mashine ulikuwa na gramu 640 mahali pa 450. Zile nyongeza zote zilikuwa mle, zinaipa feni mgonjwa mzigo juu ya mzigo.

Omba kuona maandishi ya mtungi. R22 ya AC za nyumbani isiingie kwenye gari. Gesi ya kupikia vile vile, hata ikipoza: inashika moto, na evaporeta iko ndani mlimokaa watu. Kataa na dawa za kuziba uvujaji za kwenye kopo, huganda na kuziba valvu. Na gesi ya zamani ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. R134a haitoboi tabaka la ozoni kama R12 ilivyofanya, lakini kilo moja yake inapasha joto dunia mara 1,430 ya kilo ya kaboni dayoksaidi, ukipima kwa miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana hapo jirani Kigali kukubaliana kuipunguza.

Mwenye haibridi, gari la injini na mota ya umeme, asome mstari huu mara mbili. Kwenye haibridi nyingi kompresa inaendeshwa na umeme mkubwa kupitia nyaya za rangi ya chungwa, unaoweza kuua, na inataka mafuta yake maalumu yasiyopitisha umeme. Mafuta ya kawaida yakiingia, hata kidogo, yanaharibu uzuiaji wa umeme na gari linaweza kukataa kuwaka. Fundi asiyejua jina la mafuta hayo asikuguse.

Kununua spea na kujaribu

Mota ya feni niliipata Gerezani, Kariakoo, iliyotumika. Usilipe kabla haijaunganishwa kwenye betri hapo hapo dukani ikazunguka dakika 5 nzima. Ya kwanza niliyopewa ilianza kunguruma dakika ya tatu. Kompresa iliyotumika igeuze, mafuta yadondoke kwenye karatasi nyeupe. Yakiwa na vumbi la fedha au weusi, rudisha. Na kama kompresa yako ndiyo iliyosagika ndani, kubadilisha kompresa peke yake ni kupoteza fedha, kwa sababu chembe zake ziko kwenye draya na kondensa, zitaiua na mpya.

Usichukue gari asubuhi. Lichukue saa nane, liweke juani, vioo vimefungwa, AC mwisho, injini sailensi, kipimajoto kwenye tundu, dakika 15. Halafu lipeleke mahali pale pale lilipokuwa linagoma, kwa saa ile ile. Mimi nilikwenda Feri na mama. Mbele yetu magari kama 40. Kipimajoto kilisoma 9, kikapanda 11, kikakaa hapo mpaka mlango wa pantoni ukashuka, na mama akaniambia niipunguze kidogo, magoti yanamuuma.

Ukirudi nyumbani, chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike pembeni ya kibandiko cha boneti tarehe ya leo, gramu zilizoingizwa, na kilichobadilishwa. Fundi atakayefungua boneti hiyo mwaka kesho aanzie hapo.